Kidumu Chenye Uzi Mwekundu

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua aibu yangu ilipoanzia. Na wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, usihangaike, nakudokezea kidogo kisha tuendelee.

Mimi ni Apolonia, mke wa Budeba. Tulitoka Shinyanga na ng'ombe wetu tukahamia Usangu, huku Mbeya, wakati majani bado mengi. Nilizaa mapacha, Kulwa na Doto. Doto alikufa kwa surua hata kutembea hajajua. Akabaki Kulwa, ambaye kwenye ubatizo aliitwa Esther. Baada ya hapo tumbo langu likanyamaza.

Huyo Esther, macho yangu mawili, ndiye aliyeniambia mwaka huu tukipepeta mpunga kwamba anataka kuwa sista.

Baba yake alisema, "Mtoto amechagua. Mwache."

Mimi sikumwacha. Nilikwenda kwa mganga Ngolo, kule mabondeni, nikiwa na Nashoni. Huyu Nashoni ni kijana wa jirani, ana ng'ombe, ana pikipiki, na ana koti jekundu la vifungo vya dhahabu vyenye picha ya nanga. Soko zima la Ubaruku linalijua hilo koti. Alikuwa anamtaka Esther. Esther hamtaki, wala koti lake halitaki.

Mganga akatoa mzizi mweusi. Nusu akausaga unga, nusu akaniachia. Akaomba kitu cha mwanaume. Nashoni akang'oa kifungo cha koti lake.

"Unga binti anywe bila kujua," mganga akasema. "Mzizi na kifungo vikae pamoja kwenye nguo yako, visiachane. Moyo wake utarudi nyumbani."

Na wakati nayafanya hayo mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango chetu. Jumapili nasimama mbele kabisa, kitambaa kichwani, nasoma matangazo.

Basi, ndivyo tulivyopanda gari la mahujaji kwenda Iringa. Mwisho wa hija ile Esther alikuwa hatarudi nasi. Sanduku lake lilikuwa juu ya gari. Angekabidhiwa kwa masista, aanze malezi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Mama mwenzangu unayesoma, hapo ulipo kama una kitu umekifunga kwenye pindo la kanga yako kwa ajili ya mwanao, kifungue kwanza. Halafu endelea kusoma.

*

Mji ule wa hija siutaji jina. Uko mbele ya Tosamaganga, na watu wake hawakunikosea kitu. Ni mji mdogo, lakini siku ya hija unajaa mpaka watu wanalala madarasani. Kila kibaraza ni duka. Rozari, mishumaa, sanamu za Bikira Maria za plasta, na vidumu. Vidumu vya njano vidogo, vimepangwa kama mahindi kwenye gunzi. Kila hujaji ananunua cha kwake, maana huendi hija ukarudi bila maji ya baraka. Utawaambia nini nyumbani?

Mimi nilinunua kimoja, nikakijaza maji.

Ule mzizi na kile kifungo nilikuwa nimevifunga kwenye pindo la kanga, kanga nimeifunga kiunoni. Esther aliliona lile fundo tukiwa kwenye gari, tumetoka Mafinga.

"Mama, hapo umefunga nini?"

"Dawa yangu ya mgongo."

"Mgongo tena? Mbona hukuniambia? Pole mama."

Akanikanda mgongo mpaka tukapita Ifunda. Mimi nimeangalia dirishani, mashamba ya watu yanapita, sikuthubutu kugeuza shingo.

Asubuhi kabla ya misa, Esther alipokwenda kunawa, nilifungua kidumu nikamimina ule unga. Nikatikisa. Maji yakageuka kidogo tu, lakini kidumu ni cha njano, huwezi kuona.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokosea kuliko kote.

Mganga hakuniambia nipeleke dawa yake kubarikiwa. Hayo niliyazua mwenyewe. Moyo wangu ulikuwa unanisuta. Nikajiambia, Apolonia, ukiyaweka maji haya pale kwenye groto, pango la Bikira Maria, pamoja na ya wenzako, padri akayapitishia mkono wake, uganga utakuwa umeoshwa. Litakuwa si kosa tena. Na nguvu itakuwa mara mbili, ya mzee Ngolo na ya Mama Maria.

Niliwaza hivyo kabisa, na akili zangu timamu.

Nikachomoa uzi mwekundu kwenye sweta langu, nikaufunga kwenye mkono wa kidumu ili kisipotee katikati ya vingine.

*

Kwenye groto watu walikuwa wamepanga maji, chumvi na mafuta mpaka pa kukanyaga hapakuwepo. Nikainama kuweka cha kwangu. Nasikia sauti nyuma.

"Mwenyekiti! Huo uzi mwekundu wa nini tena kwenye maji ya Bikira?"

Alikuwa Mama Jailos. Ni katibu wangu kwenye chama cha akina mama. Macho yake hayapitwi na kitu, na mdomo wake haupitwi na macho.

"Alama tu, mama. Kisipotee."

"Alama! Wenzako tumeandika majina kwa kalamu ya wino, wewe umefunga uzi kama ndama wa kutambikia."

Akina mama wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Sisi Wasukuma bwana," nikasema, "hata kuku tunamfunga uzi."

"Haya, lakini usije ukaninywesha mimi," akasema Mama Jailos. "Nisije nikaanza kulia kama ng'ombe."

Wakacheka tena. Padri akafika, wote tukapiga magoti. Akasali, akanyunyiza, tone moja likanipata usoni. Sikulifuta. Niliona nikilifuta wataniona.

Baada ya hapo ikaja Njia ya Msalaba. Mnapanda kilima, mnasimama kila kituo, mnasali, mnapanda tena. Kule juu kabisa chini ya msalaba ndipo watu wanakunywa yale maji kwa mara ya kwanza. Ndiyo desturi ya pale. Kabla ya hapo hakuna anayefungua kidumu chake, hata akauke koo.

Wanaoingia malezi walipanda na mlezi wao. Mlezi mwenyewe alikuwa Sista Rozalia, Mhehe wa palepale, mzee wa umri wa mama yangu, mfupi, anatembea kwa fimbo na hataki kushikwa mkono.

"Kamwene, Mama Esther!" akanisalimia kama tumekua pamoja. "Wewe ndiye umetuletea huyu mrefu? Huyu atatufaa kufuta buibui kwenye dari."

Esther akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka vile. Nyumbani alikuwa akicheka ninamkatiza, maana nilikuwa naona kila kicheko kinanichukulia mtoto.

"Ni mmoja tu niliye naye, Sista," nikasema.

Yule bibi akasimama. Akaacha kutania.

"Najua," akasema. "Ameniambia. Amenieleza na habari za Doto. Aliniomba kitu kimoja: akikubaliwa, kila likizo aje kwako kwanza kabla ya kwenda popote. Nikamwambia nitalisemea hilo mimi mwenyewe, nikiwa hai. Huyu mtoto anakupenda, mama. Hatukunyang'anyi."

Mtu akikwambia maneno kama hayo, na wewe una kidumu mkononi, ungefanya nini?

Ningeweza kujikwaa. Kilima kile kina mawe, mtu anajikwaa kidumu kinamwagika, mambo yanaishia palepale, tunakwenda kula. Niliwaza hivyo kwenye kituo kilichofuata. Nikawaza tena kwenye kingine. Miguu yangu ikapita kwenye kila jiwe vizuri kabisa, kama mbuzi.

*

Juu upepo ulikuwa mkali. Watu wamekaa kwenye nyasi, wanafungua vidumu, wanapeana vikombe. Nilimimina kikombe kikubwa cha plastiki, kikajaa hadi juu. Nikampa Esther.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa wewe kwanza."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, kama nilivyomfundisha tangu mdogo. Nikaona kikombe kinakwenda mdomoni.

Akasita. Akageuka.

"Wakubwa kwanza, mama," akasema. Akampelekea Sista Rozalia, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe anahema.

Mimi nilimfundisha hivyo. Wakubwa kwanza. Kwenye maji, kwenye ugali, kwenye kila kitu. Adabu niliyompa mwenyewe ndiyo iliyomwokoa.

Sista akapiga funda. Uso ukajikunja.

"Mh! Maji yenu haya yana uchungu! Ndiyo mnawanywesha ng'ombe haya?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama.

"Mwaga, Sista! Mwaga tu, kidumu chenyewe kipya, kina harufu ya plastiki!"

Akaniangalia kwa mshangao.

"Nimwage maji ya baraka, Mama Esther?" akasema. "Chini hapa, yakanyagwe? Mwenyekiti wa akina mama ndiye anayeniambia hivyo?"

"Jamani mwenyekiti!" akadakia Mama Jailos.

"Maji yaliyobarikiwa hayamwagwi, mama. Yakiwa machungu unayanywa na uchungu wake." Akafumba macho, akanywa. Akanywa yote mpaka akakigeuza kikombe kuonyesha hakuna kitu, kama mtoto aliyemaliza uji.

Kama nisingekipeleka kile kidumu kubarikiwa, angetema. Angemwaga pale pale kwenye nyasi akaomba maji mengine. Alikunywa kwa sababu ya baraka, na baraka niliitafuta mimi ili nifiche uganga wangu.

Nitasema ukweli wote, hata ule wa kuchekesha. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa kwamba ataumwa. Nilijiuliza: sasa moyo wa bibi huyu utamgeukia Nashoni? Ataanza kuliulizia koti jekundu? Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

"Haya, na wewe mrefu," Sista akamwambia Esther, "lete kidumu nikumiminie. Usifikiri nitateseka peke..."

Hakumaliza. Akashika tumbo. Mara akashika jiwe. Jasho likamtoka, jasho jingi, na ule upepo ulivyokuwa wa baridi. Midomo ikatetemeka. Akatapika kitu cheusi kwenye gauni lake jeupe, fimbo ikamtoka mkononi ikabingirika kushuka kilima.

"Sista! Sista Rozalia!"

Esther ndiye aliyemdaka.

*

Vijana walimbeba mgongoni mpaka chini. Pakawa na pikapu ya parokia. Sista akalazwa nyuma kwenye mablanketi, kichwa kimelala kwenye mapaja ya Esther. Mama Mkuu wa masista akakaa mbele. Mimi na Mama Jailos tukapanda nyuma nao. Kidumu nilikuwa nimekishika bado. Sijui kwa nini sikukitupa. Mikono ilikuwa haifunguki.

Barabara ya vumbi. Pikapu inaruka. Sista anaugulia, anasema maneno ya Kihehe, mara anamwita mama yake.

Esther akainamisha uso kwenye kile kikombe, alichokuwa amekiokota kule juu. Akakinusa. Akanyoosha mkono akachukua kidumu, akafungua, akanusa. Halafu akaangalia kiuno changu, pale penye fundo.

Akanisogelea sikioni.

"Mama. Uliweka nini humu?"

Mama Jailos alikuwa anasali rozari kwa sauti, hakusikia.

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Ningemwambia tu. Angelia, angenichukia, lakini angepiga kioo gari liende mbio na daktari angejua kabla hata hatujafika.

"Dawa yangu ya mgongo," nikasema. "Nilitaka ibarikiwe tu, mwanangu. Nilisahau kukwambia."

Akaniamini. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa kuaminiwa siku ile.

"Basi tutamwambia daktari, mama."

"Esther, tafadhali. Mimi mwenyekiti. Nimepeleka dawa ya mganga kwenye groto, mbele ya padri. Nitaweka wapi uso wangu? Baba yako ataweka wapi uso wake? Ngoja kwanza. Atapona. Ni uzee na jua tu."

Hakukuwa na jua. Esther akarudi kumfuta Sista jasho kwa kilemba chake.

*

Hospitalini walimwingiza ndani haraka. Sisi tukabaki kwenye benchi. Baada ya muda akatoka daktari, kijana mwembamba, amekunja mikono ya koti.

"Mimi ni Daktari Shamsudin," akasema. "Nani alikuwa naye?"

"Sisi wote," akasema Mama Mkuu.

"Mapigo ya moyo yanapungua. Si malaria, si chakula kilicholala. Kuna kitu amekunywa. Nahitaji kukijua sasa hivi, maana nikimpa dawa isiyopatana na hicho kitu nitamuua mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimelishika fundo la kanga kwa ngumi. Mzizi wenyewe uko mle, ungeweza kuwekwa mezani pale akauona, akaunusa, akapiga simu kwa wanaojua. Mkono mmoja tu kulegeza. Nikazidi kukaza.

"Akina mama," yule kijana akasema kwa upole, "mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mlandege pale mjini. Simjui padri wenu, sina wa kumpelekea maneno. Sitaki kujua nani kakosa. Nataka kujua bibi yule amekunywa nini."

Jamani. Alinifungulia mlango hivyo, na mimi nikabaki nje.

Mama Jailos akakohoa.

"Daktari, mimi sitaki kumsingizia mtu," akaanza, na mtu akianza hivyo unajua kinachofuata. "Lakini Sista alikunywa maji yetu akasema machungu. Na kile kidumu kilikuwa na uzi. Uzi mwekundu. Hata nilisema pale, si nilisema, Mwenyekiti? Kilikuwa ni kidumu cha..."

"Ni changu," akasema Esther.

Alikuwa amesimama. Gauni lake limechafuka matapishi ya Sista.

"Ni mimi, daktari. Niliweka dawa ya kienyeji mle. Ya mgongo. Nilitaka ibarikiwe. Nikasahau, nikampa Sista."

Mama Mkuu akageuka taratibu. Ni mwanamke mkubwa, sauti yake ndogo.

"Wewe, Esther? Wewe uliyekuja kuingia kwetu leo?"

"Ndiyo, Mama Mkuu."

"Ulileta dawa za waganga kwenye groto?"

"Ndiyo, Mama Mkuu. Nisamehe."

Mnaona lilivyokuja? Nililotaka lilikuwa linatimia mbele ya macho yangu. Hakuna masista duniani wangempokea baada ya hapo. Angerudi nami na sanduku lake kwenye gari lile lile, ashuke Usangu, abaki kuwa wangu. Nilikuwa nimeomba hilo kwa Mungu na kwa mganga, na lilikuwa limekuja. Lilikuwa na sura ya mwanangu aliyesimama anaomba msamaha kwa kosa langu.

Nilitakiwa kusema neno moja. Mdomo nilifungua kabisa. Mama Jailos akaniangalia, nikaufunga.

"Iko nyingine?" daktari akauliza haraka. "Mzizi, jani, unga, chochote kilichobaki?"

"Ipo."

Esther akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiambia usiogope.

"Mama," akasema, "niazime kanga yako."

Akili za mtoto yule! Alikuwa amepata njia ya kuitoa ile dawa bila mtu kujua imetoka wapi. Kanga ya mama inaazimwa, nani atashangaa? Aibu yote akaibeba yeye, mimi akaniachia uso wangu mzima nirudi nao kwenye matangazo ya Jumapili.

Na mimi, mama yake mzazi, nikaifungua kiunoni nikampa.

Akafungua lile fundo kwa meno, juu ya sinia ya chuma waliyoleta. Mzizi ukaanguka. Daktari akaudaka, akaunusa, akauvunja akaangalia ndani, akakimbia nao. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Lakini sinia haikunyamaza. Kuna kitu kingine kilikuwa kimeanguka, kinazunguka kwenye chuma, kinalia, kinazunguka, mpaka kikalala.

Nilikuwa nimekisahau. Mganga alisema visiachane, na kweli havikuachana.

Mama Mkuu akakiokota kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga.

"Dawa ya mgongo," akasema, "inafungwa na kifungo cha mwanaume?"

"Uwiii!" Mama Jailos akajishika mashavu. "Nanga! Hicho si cha lile koti la Nashoni? Jamani si cha Nashoni hicho?"

"Nashoni ni nani?" Mama Mkuu akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. "Esther, nakuuliza wewe. Umekuja kwangu kuomba kuwa sista, na kwenye kanga umefunga kifungo cha mwanaume pamoja na dawa. Huyu mwanaume ni nani wako?"

Esther alinyoosha mkono, akakichukua kile kifungo kama mtu anayeokota kitu kisicho chake. Akakigeuza upande wa nanga. Akakigeuza upande wa nyuma, uzi mwekundu wa koti bado umening'inia.

Alikuwa amekubali kubeba dawa ya mgongo ya mama yake. Hii hakuijua.

Nikamwona anarudi nyuma kichwani mwake. Anarudi kwenye pikapu. Anapanda tena kilima. Anafika chini ya msalaba, kwenye upepo, kwenye kikombe kilichojaa hadi juu.

Nyuma ya mlango mtu alipaza sauti akiita oksijeni, miguu ikakimbia. Esther hakugeuka. Alikuwa ananiangalia mimi, na ile huruma ya mwanzo ilikuwa imeondoka yote machoni mwake.

"Mama," akasema, mbele yao wote. "Kule juu uliniambia ninywe mimi kwanza."